Gereji ya Delbert, Tulsa, Jumanne

Tumelivua gari turubai.
Delbert kimya. Kidole chake cha grisi ndicho kinachohesabu:
ekseli, chuma chakavu.
Injini, labda.
Usukani umekunjika
kama sikio la mbwa aliyekaripiwa.

Sekunde saba ndizo nilizotaka.
Ya sita ilinikuta ukutani,
ya saba kichwa chini,
nyasi za Oklahoma zikining'inia kutoka mbinguni.

Begani nina alama ya zambarau.
Naipima kwa mkanda wenyewe,
ule waliounikatia wazimamoto:
upana mmoja.

"Tairi la nyuma, la kulia," anasema hatimaye,
"halina hata mkwaruzo."

Tunachuchumaa kulitazama,
wote wawili,
muda mrefu kuliko mbio zenyewe.
Kahawa yangu inatetemeka.
Anajifanya haoni.