Nirudishie Kuchelewa Kwangu

Nilikifungua kinanda kwa bisibisi ya Luthuli,
skrubu za shaba zikalia kama zinaonewa.
Ndani: vumbi, tiketi ya basi ya senti hamsini,
pini ya nywele,
na nyaya zilizovikwa pamba, mia na kitu,
kila uzi na kijikaratasi chake cha wino
kwa mkono wa mtu aliyeamini kuna atakayesoma.

Nilivisoma vyote. Kisha nikakata.

Filimbi zenyewe zilikwisha kwenda.
Mwaka ule paa lilipovuja kamati ilikaa, ikapiga kura,
zikasukumwa kwa mkokoteni hadi Kamukunji.
Huenda besi ya kanisa letu la Makongeni
leo ni mfereji wa mvua kwenye nyumba ya mtu Umoja.
Kikabaki hiki, meza yenye meno:
safu mbili za vibao, vikanyagio thelathini vya mti mgumu
vilivyolika katikati
kwa viatu vya Mzee Eliakim Wesamba.

Nilifanya kazi jioni, nikishamaliza simu za watu.
Chini ya kila kibao sumaku, punje ya mchele;
mkabala nayo swichi ya kioo, nyembamba kama mwiba wa dagaa.
Sitini na moja, mara mbili, na thelathini za miguu.
Nililehemu hadi mama akasema, wewe sasa unanuka redio.
Mwisho kebo moja tu, ikaingia kwenye kompyuta ya mtumba
isiyo na herufi N,
ambamo zimelala filimbi elfu mbili za kanisa la ugenini,
zilizorekodiwa moja moja usiku wa baridi.
Ukitega sikio sana
utasikia benchi la huko likijinyoosha.

Jumamosi Mzee alikuja na viatu vyake vya kupigia
amevifunga kwa gazeti. Akavivaa polepole. Akaketi.
Kwaya watu kumi na wanne, spika mbili kando ya mimbari.

Ubeti wa kwanza ukavunjika.
Wa pili pia. Mzee yuko mbele, kwaya iko nyuma,
Bi. Nyachomba anagonga kitabu kwa penseli.
Nikapiga magoti, nikakagua risasi, nikakagua kebo,
shingo yangu ina moto.

"Kinanda chako kina haraka," akasema.

Haraka! Nami nilikuwa nimejisifu kwa kila mtu:
milisekunde sita, hata nzi hawezi kupita hapo.

"Filimbi zilikuwa kule, juu ya mlango wa nyuma.
Mimi huku. Nikibonyeza, upepo ulikuwa na safari,
sauti ilinifikia kama barua.
Miaka thelathini na moja nimepiga nisichosikia
na kusikia nilichokwisha kuacha.
Mwanangu, nirudishie kuchelewa kwangu."

Mimi, ambaye watu hunilipa niwaondolee kungoja,
niliandika arobaini.
"Bado."
Themanini.
"Umeingia langoni. Njoo mpaka uani."
Mia moja na kumi.
Akainua kidole, hakusema kitu. Mabega yakashuka.
Akapiga, mbele kidogo ya nafsi yake,
na kwaya ikaingia mahali pake kama mguu kwenye ndara.

Katikati ya ubeti wa tatu mama mmoja wa sauti ya kwanza,
huku anaimba,
aligeuka kutazama nyuma, juu ya mlango,
pale ambapo rangi ya ukuta ingali nyeupe
kwa michirizi mirefu na mifupi
mahali filimbi ziliposimama.

Sikulala vizuri.
Jumatatu niliazima ngazi ya fundi wa mabati,
nikazipandisha spika mpaka kwenye michirizi ile,
nikarudi kwenye kompyuta, nikashusha namba hadi kumi.
Kuchelewa kwingine kote
kulifanywa na hewa ya kanisa lenyewe, bure.