Tone Kwenye Bamba la Moto

Husemwa maji na mafuta havichangamani.
Aliyesema hakuwahi kushika zamu ya usiku
kaskazini mwa Ufini, mwezi wa Januari,
mashine ya karatasi ikinguruma urefu wa mtaa mzima,
mitungi ya kukaushia ikizunguka, ikihema mvuke.
Huko vinachangamana.
Vikipigwapigwa vya kutosha vinakuwa kitu kimoja,
cheupe, kizito, kama tui.

Raili Hokkanen anafungua koki chini ya beringi ya saba,
anakinga chupa, anaiinua kwenye taa.
Juzi ilikuwa rangi ya asali.
Leo haoni vidole vyake upande wa pili.

Maabara iko mjini, majibu huja Alhamisi ya wiki nyingine.
Yeye ana jiko la umeme na bamba la chuma
aliloachiwa na Urho Pelkonen, aliyestaafu
na sikio moja tu linalofanya kazi.
Anangoja bamba lipate moto.
Anadondosha tone.

Mafuta masafi hufa kwa adabu:
hutandaa, hutoa moshi, basi.
Hili linatatarika, linarukaruka,
linanichoma mkononi.
Maji hayajui kutunza siri.

"Mangapi?" meneja anauliza simuni, sauti ya kitandani.
"Ya kutosha."
"Kutosha si namba, Raili. Tutasimama Jumamosi."

Raili anaandika daftarini kwa penseli:
*Ya saba inakunywa maji.*
Anapigia mstari. Anaweka saa.

Jumamosi haikufika.
Ijumaa alfajiri kilisikika kishindo kimoja,
kisha kimya ambacho mimi, mwaka wangu wa kwanza,
sikuwahi kukisikia mle ndani.
Karatasi ikakatika, ikajikunja sakafuni, vilima kwa vilima.

Tulipoivua beringi, roli zilikuwa zimedonolewa
kama punje zilizopitiwa na fukusi,
kutu imejichora mistari pale zilipokuwa zimelala.
Utando uliozibeba, mwembamba kuliko unywele,
ulikuwa umepasuka zamani.
Na chanzo? Gasketi ya mvuke,
ufa usioingia hata ukucha.

Meneja alikuja na theluji mabegani.
Alitazama chupa, akatazama daftari,
akafungua mdomo, akaufunga.
Raili hakusema neno.
Aliwasha jiko, akadondosha tone jingine
mbele yake, wote watatu tukasikiliza.

Kisha akanipa kitambaa nifute bamba.
"Ngoja kwanza," akasema. "Bado la moto."