Mama wa Zamu

Jumanne zamu yangu huanza saa kumi na moja alfajiri,
lori la maji likipiga honi getini
na Jouni akitoka mbio na mpira mkononi, suruali juu ya nguo za kulalia,
ajaze pipa kabla Sacaba nzima haijaamka.
Mwaka wetu wa kwanza hapa alijua kusema "pampu imekufa"
kabla hajajua kusema "umeamkaje".
Mimi neno langu la kwanza lilikuwa chawa.

Watoto thelathini na mmoja. Wawili ni wangu.
Nawahesabu wote pamoja kwenye foleni ya uji wa mahindi ya zambarau,
vichwa vimelowa, vimechanwa,
na siku moja nilifika thelathini nikaanza upya,
maana sikukumbuka kama nimemhesabu Venla
au nimempita tu,
kama mtu apitavyo mkono wake mwenyewe.

Mama mkwe alituma kifurushi kutoka Oulu:
soksi za sufu, jozi mbili, kazi ya mikono yake,
ncha nyekundu, herufi ya jina kisiginoni.
Kilikaa forodhani La Paz miezi mitatu,
kikafika Juni, baridi imeanza kutafuna vidole.
Eetu alivaa zake siku nne. Ya tano, miguu mitupu.
"Zimepotea."
Jumamosi nikaziona kwenye kamba ya kuanikia,
herufi imefumuliwa kwa uma,
na Limbert amesimama chini yake, akizilinda zikauke.
Kwenye simu bibi aliuliza: zinawatosha?
Zinawatosha, nikasema. Wala sikudanganya.

Ila hili la Venla lilinichoma.
Ana miaka sita. Alisimama na sahani yake
nyuma ya Nayeli, mbele ya yule mdogo asiyesema,
akaniambia, "Shangazi, mimi sijapata kiazi."
Shangazi! Ndivyo wanavyotuita wote tunaoshika upawa,
mimi, Casimira mpishi, hata binti wa mafunzo kutoka chuoni
aliyekuja wiki mbili na viatu vyeupe.
Nikamvuta kando. Kwa lugha ya kwetu nikamuuliza
mimi ni nani wako.
"Mama. Najua," akasema,
polepole, kama anayemfundisha mtu mzito kuelewa.
"Lakini nikikuita hivyo, Nayeli huacha kula."

Nikampa kiazi.
Nikampa na Nayeli, kikubwa zaidi,
na hilo pia Venla aliliona.

Basi mchana mimi ni shangazi.
Usiku, komeo likishaingia na taa kuzimwa,
ananiita mama mara tano, mara sita, bila haja yoyote,
kwa kunong'ona, kama anayelamba sukari ya wizi.
Nami naitika. Kila mara naitika.
Eetu hujigeuza ukutani: "Nyamazeni, watasikia."

Ukuta wenyewe ni wa matofali ya udongo na majani makavu.
Upande wa pili, bweni la wasichana.
Jana usiku ilikuwa zamu ya yeye kusikia, yaani mimi:
sauti iliita kutoka huko, mara moja, kisha tena,
na neno lile halihitaji mkalimani.
Nikaamka. Mguu mmoja una kandambili, mmoja hauna.
Koridoni nikamkuta Casimira, shali mabegani,
misuko yake miwili imefumuliwa kwa ajili ya kulala,
sijawahi kumwona hivyo, alionekana msichana.
Akaniwekea kiganja kifuani, taratibu, kama afungaye mlango.
"Si wewe anayekuita," akasema.
"Wala si mimi."

Tukasimama pale, sakafu ikinipanda mguuni,
mpaka sauti ikachoka.
Kisha akaingia kumfunika.
Mimi nikabaki nimeshika tochi,
nikiimulika dari, isimwangukie mtu yeyote usoni.