Pipa la Samaki, Tangi la Mtu

Samaki wa mapambo hapandishwi kwa pupa.
Sisi wa Katonga tunalijua hilo kama majina yetu:
ukimkamata kwenye kina cha mita thelathini
unamtia ndani ya pipa lenye matundu,
pipa unalifunga kamba, kamba unaifunga boya,
leo unavuta mita kumi, kesho kumi,
siku ya tatu ndipo anaonana na jua.
Ukimharakisha, tumbo linajaa upepo,
macho yanamtoka, na bei yake inakufa naye.

Samaki mmoja, siku tatu.
Ntakije tulimpa pumzi moja.

Mimi ndiye niliyeshika kompresa.
Andikeni hivyo, msizungushe.
Petroli ilikuwa robo, nikasema itatosha,
nikakaa ukingoni mwa boti nikimenya muhogo,
nikisikia injini inavyokohoa,
nikasahau kwamba kikohozi kile
ndicho kifua cha mdogo wangu huko chini.
Ilipozima, ziwa lilinyamaza
ukimya nisioujua.
Kisha akachomoka majini, mpira mdomoni,
akacheka. Akacheka kweli! Akaomba muhogo.

Nusu saa, viwiko vikaanza kumuuma,
halafu magoti, halafu akaniuliza kwa sauti ya kitoto:
Kaka, miguu yangu umeiweka wapi?

Bangwe, nyuma ya ghala la tajiri wa samaki,
kuna tangi la chuma lililonunuliwa mtumba,
dirisha lake duara, halizidi kisahani cha chai.
Funguo anazo nesi Yudita Bihigi.
Alimvua shati la nailoni, akamfuta mafuta ya nywele,
akamkata shingoni hirizi iliyopakwa samli,
nami niliyesimama nje akanipokonya kiberiti:
"Humo ndani cheche haina udogo."

Akafunga mlango, akafungua vali,
na mdogo wangu akazama tena
bila tone la maji.
Mita tano, ikasema geji. Kumi. Kumi na nane.
Nilimwona akimeza mate, akibana pua,
jasho likimchuruzika, maana hewa ikibanwa hupata homa.

Nikauliza: unamrudishaje kulekule kulikomvunja?
Yudita hakunitazama, alitazama saa.
Akajibu kama anayehesabu chenji:
chupa ya soda ikifunguliwa ghafla hutoa povu.
Damu yake ilifunguliwa ghafla.
Tunarudisha kizibo.
Povu likibanwa husinyaa, likisinyaa hupita,
na oksijeni ikisukumwa namna hii
haingoji chembe nyekundu iibebe
kama mzigo unavyongoja mchukuzi stesheni;
inayeyuka katika maji ya damu yenyewe,
chumvi ndani ya mchuzi,
inafika hata pale mshipa ulipozibwa,
inaibishia hodi neva iliyosinzia.

Shuleni jambo hili waliliita kanieneo.
Nilipata tatu kwa kumi.

Dakika ishirini barakoa, dakika tano bila.
Kwa nini usimpe mfululizo?
"Uhai nao ukizidishwa," alisema,
"hutia degedege."

Pembeni, kwenye vioo vyenye taa,
samaki wa manjano waliokuwa wakingoja ndege ya Ulaya
walikuja wote upande wetu, midomo wazi.
Wazima. Hakuna hata mmoja aliyepanda kwa haraka.
Nilishindwa kuwatazama.

Saa ya nne, kidole gumba cha kushoto kikatikisika.
Nikagonga chuma kwa ngumi, Yudita akanikaripia.
Cha kulia, bado.
Akaanza kumpandisha, polepole,
mkono kwenye vali kama anayemwaga uji wa moto
kwenye kikombe cha mtoto,
mita, kisha kungoja, mita, kisha kungoja,
na nje kukawa kumekucha, wavuvi wa dagaa wanarudi,
taa zao zinazimwa moja moja.

Kesho atashushwa tena. Na keshokutwa.
Mguu wa kulia, alisema Yudita, tutaona.

Nilitoka nikaenda hadi Kibirizi kwa miguu,
nikanunua petroli, lita ishirini,
nikaibeba begani mpaka nyumbani.
Sijui ya nini.