Mti wa Uani

Kila Machi Hannelore hushuka na msumeno
ngazi za jengo la Friedrichshain,
magoti yakilia kuliko mbao.
Umechipua tena. Palepale,
kati ya pipa la chupa na ukuta
wenye matundu ya risasi za vita vya baba yake.

Hakuna aliyeupanda. Asili yake Uchina,
na barua ya jiji la Berlin haina mafumbo:
mgeni mvamizi, ung'olewe.
Anaukata. Unanuka karanga zilizovunda.
Kufikia Juni umo dirishani, ghorofa ya pili,
majani kama meno ya kitana.
"Huna haya," anauambia.

Ghorofa ya pili anakaa bwana Thoại,
aliyeletwa mwaka themanini na saba
kushona suruali, mkataba miaka mitano.
Nchi iliyomwajiri ikafa kabla ya mkataba.
Yeye akabaki, na cherehani.
Siku hizi kivuli humfikia mezani;
ndani yake huchambua giligilani.

Agosti. Nyuzi thelathini na saba.
Mbetula wa gome jeupe, mwenyeji halisi,
aliounyweshea Hannelore ndoo kwa ndoo,
umekauka umesimama.

Anateremsha kiti.
Anakiweka alipoweza kukiweka.
Bwana Thoại anamshushia chai ya barafu kwa kamba,
wala hawasemezani.
Mbegu moja, bawa jekundu, inamtua mapajani.
Anaipangusa,
inaangukia kwenye ufa wa saruji.

"Machi," anasema, akifumba macho.
"Tutaonana Machi."