Ajali ya Arobaini na Moja

Saa tano asubuhi, na nje bado usiku.
Karasjok haijaliona jua tangu Novemba iishe.
Kipimajoto cha dirishani kimesinyaa hadi thelathini na nne chini ya sifuri,
nami niko jikoni, soksi jozi mbili,
narusha droni juu ya mbuga ya kijani
ambako kila saa ni saa sita mchana.

Elle-Márjá, binti wa kaka yangu, ndiye aliyeniwekea programu hii.
"Shangazi, kijiti cha kushoto ni kupaa na kugeuka,
cha kulia ni kwenda. Usivikabe, si pembe za dume."
Kisha akaenda zake shule, akaniacha na miti
iliyochorwa na mtu asiyewahi kuegemea mti.

Nimeangusha mara arobaini.
Nimegonga ghala, nimegonga mlingoti, nimezama katika ziwa
lisilorusha hata tone.
Mara moja nilipaa tu, nikapaa, nikapaa,
hadi mbuga ikawa kiraka cha suruali,
nikasahau nilichofuata huko; kahawa ikapoa.

Ikinipa mgongo, tunaelewana.
Ikinigeuzia uso, mambo hupinduka:
kulia kwake ni kushoto kwangu,
naiita ije, nayo inakwenda,
kama Heaika na mimi mezani tangu Aprili.

Kila inapovunjika, skrini huuliza kwa upole: Upya?
Nabonyeza. Panga boi nne zinarudi nzima,
jua halijasogea hata unywele.
Humu maji yakimwagika huzoleka.
Nami, mwenye miaka sitini na miwili, mfuata kulungu wa theluji tangu utotoni,
naona haya jinsi ninavyolipenda neno lile.

Maana Aprili hakuna aliyetuuliza.
Heaika alikuwa na droni mpya, siku ya tatu nje ya boksi,
akitaka kuwarudisha majike waliobaki ng'ambo.
Upepo ukaisukuma. Ikamgeukia uso,
akavuta kulia alipopaswa kuvuta kushoto,
ikawashukia kwa ile sauti yake ya nyuki elfu.
Kundi likakimbilia palipo wazi,
na palipo wazi palikuwa mto,
na barafu ya Aprili ni barafu kwa jina.
Kumi na saba. Wengi wao na mimba.
Tuliwatambua kwa alama za masikio, mmoja mmoja,
mikono imekufa ganzi hadi viwikoni,
naye hakusema neno. Alikunja kamba,
akaikunjua, akaikunja tena.

Tangu hapo boksi liko juu ya rafu ya kofia, haligusi.
Goti langu nalo halitaki tena pikipiki ya theluji.
Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, sawa,
ila lazima awepo wa kuliokota.

Kwa hiyo narusha. Humu hakuna kulungu hata mmoja;
nimewaweka mwenyewe, kwa macho ya moyo, kando ya ziwa lile kavu,
nawazunguka kwa mbali, juu, polepole,
hadi wainue vichwa, wasinione kitu,
warudi kuchimbua chakula chao.

Mlango. Baridi inaingia kwanza, kisha Heaika,
kope zimeganda. Anasimama nyuma yangu, buti miguuni,
theluji yake ikiyeyuka sakafuni nilikodeki jana.
Nagonga mnara. Arobaini na moja.

Anavuta kiti.
"Upepo umeweka ngapi?"
"Mbili."
Anamimina kahawa, anakikumbatia kikombe, hanywi.
"Siku ile ulikuwa tisa."

Naweka tisa.