Betri za Juani

Nyumbani kwetu Katuba nyimbo zilitembea polepole.
Waimbaji hawakuwa wachovu,
betri ndizo zilizochoka.
Baba alizianika juu ya bati tangu asubuhi,
nne, zimelazwa kama dagaa,
nasi tukawekwa zamu ya kufukuza kuku.

Jioni alizijaribu joto kwa shavu,
akazirudisha tumboni mwa redio,
na sauti ya mwanamume ikatoka nzito,
ya mtu anayeimba huku akivuka tope.
Gitaa lilikuwa na magoti.
Kila noti iliketi kwanza, ndipo ikainuka.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mapenzi:
jambo linalosemwa taratibu
na mtu asiye na haraka ya kumaliza mshahara,
kwa kuwa mshahara haujaja.
Kampuni ilikuwa imeacha kulipa tangu mvua za kwanza.
King'ora bado kililia saa kumi na mbili,
Baba bado alivaa kofia ya kazi,
akarudi na nusu mfuko wa unga,
siku nyingine na kofia tu.

Mama hakutaka muziki wa baa.
Alikuwa wa sauti ya pili, kwaya ya Jumatano,
na aliimba sauti ya pili hata akiwa peke yake
mbele ya mbabula, akisonga bukari,
ile ya kwanza ikabaki hewani bila mwenyewe,
sisi tukala tukiisikia.
Mpaka leo, wimbo wa sauti moja ukinijia
nahesabu sahani.

Kisha Numbi, kaka yangu, akavuta utepe wa kaseti
ili afungie kishada.
Baba hakumpiga. Aliketi tu kizingitini.
Aliyeutengeneza ni Mama,
Mama asiyetaka muziki wa baa:
kwa wembe, kwa rangi ya kucha ya shangazi,
kwa kalamu aliyoizungusha usiku kucha mpaka wino ukavuja.
Kipande kimoja hakikupatikana.
Pale mwimbaji anapomwita mwanamke wake
palibaki kimya,
urefu wa kumeza mate,
halafu gitaa, na magoti yake.

Baba akalijaza pengo.
Kila lilipofika, alisema, "Mujinga,"
bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu alichokuwa akishona.
Na Mama, kila lilipofika,
"Nyamaza, utaamsha watoto."
Watoto tulikuwa macho. Tulikuwa tunasubiri hapo.

Miaka ishirini na mitatu baadaye, arusi ya Numbi,
ukumbi wa Kamalondo, spika ndefu kuliko mashahidi,
wakaupiga wimbo wetu.
Ulikuwa mwembamba. Ulikuwa unakimbia,
kama mtu aliyeiba kitu kwetu.
Na mwanamke alikuwa na jina, likatajwa lote;
nililisahau kabla ya kuletwa nyama.
Nikamtafuta bwana arusi:
amesimama katikati ya wachezaji,
mguu mmoja hewani,
anasubiri kimya kisichokuja.

Watu husema nina masikio ya kizee.
Nikinunua wimbo naupunguza mwendo,
fundi wa simu pale sokoni ananicheka,
ananiuliza kama nimefiwa.

Binti yangu Masengo ana muziki wake,
nyundo juu ya nyundo, unavuja masikioni mwake
mpaka chumbani kwangu.
Sisemi kitu. Baba naye alisemwa.

Ila juzi umeme ulikatika, simu yake ikazima,
na nikamsikia uani, mikono ndani ya beseni,
anavumisha kitu.
Polepole. Sauti ya pili.
Kaseti ile haijui; ilipotea kabla hajazaliwa,
na Mama alizikwa akiwa bado hajatambaa.
Labda huwa naimba nikifagia. Labda.
Akafika pale.
Akanyamaza, urefu wa kumeza mate,
kijiko kikagonga bakuli,
akaendelea.

Nilikuwa gizani, mdomo wazi,
jina la mama yangu limekaa ulimini.
Sikulitamka.
Angeniuliza naongea na nani.